Jumamosi ya Maji Mafu

Kiatu cha kushoto kilibaki topeni. Nilivuta mguu, mguu ukaja peke yake, na yule mwanamke aliyekuwa hatua ishirini mbele yangu hakugeuka. Alisema tu, "Kiache. Nitakitoa mimi tukirudi. Ukiinama utabaki hapo na wewe."

Nilikuwa ndiyo kwanza nafika Mishomoroni, vumbi la Malindi lingali shingoni. Nilipita uchochoro nyuma ya kinu cha unga, nyuma ya nyumba za mawe ya kuchonga, nyuma ya kanisa la mabati lililokuwa likifanya mazoezi ya kwaya, mara ardhi ikaisha. Ukiwa kwenye barabara ya Kisauni, kati ya wauza simu na wakaanga viazi, hujui kwamba dakika saba kutoka hapo kuna mkono wa bahari mpana, na msitu uliosimama ndani ya chumvi. Nimetembea kwenye matope ya nchi kadhaa, na nimejifunza jinsi ya kuomba msaada topeni kwa lugha zaidi ya tatu. Hapa sikuhitaji hata moja. Mapenzi Nyale hangoji mtu aombe, na hangoji mtu.

"Njoo huku, kwenye mizizi. Kanyaga mizizi, usikanyage palipo laini. Mbona unatembea kama unaogopa kuamsha mtoto?"

Ana miaka arobaini na tisa, mwembamba, gambuti zake nyeusi zimekatwa chini ya goti kwa kisu ili apige hatua haraka. Ni katibu wa kikundi cha kutunza mikoko chenye watu kumi na tisa, na ndiye anayewatembeza wageni wanaotaka kuujua msitu huu. Nilimwandikia kwamba nitakaa siku mbili. Alijibu neno moja: Ijumaa. Ilikuwa saa tisa alasiri, maji yanatoka polepole, na aliongea huku akitembea, nami nikaandika huku nikiteleza.

Alinionyesha kwamba msitu huo una mpangilio wake. Mbele, karibu na maji, ipo mikoko yenyewe, ile ya miguu mingi kama buibui aliyesimama. Nyuma, pale bahari inapofika mara chache, ipo michu, inayotoa mizizi juu badala ya chini, maelfu ya vijiti vilivyochomoza ardhini kama penseli. "Huo ndio mpumuo wake. Ukiuziba kwa takataka, mti unakufa umesimama." Aliokota jani la manjano na kuliweka mbele ya shimo. Tukasubiri. Kaa mwekundu akatoka, akalikamata, akaliburura ndani. "Bila huyu, majani yote yangekwenda na maji. Yeye ndiye anayelisha tope. Tope linalisha minyoo. Minyoo inalisha wale."

Alinyoosha kidole. Baada ya mti wa mwisho palikuwa na eneo tupu, la kijivu, kubwa kama viwanja viwili vya mpira. Wenyewe wanaliita Uwanja. Maji yalikuwa yamefichua ukingo wake tu, utepe mwembamba, na juu ya utepe huo ndege walijazana wakikimbia, wakidonoa, wakiruka na kutua tena. Vitwitwi wadogo walikwenda kwa makundi. Sululu wenye midomo iliyopinda walitembea peke yao, wakichoma tope kwa utaratibu. Hao anawaita makarani.

"Wanatoka kwenye barafu," alisema. "Mwezi wa nane wanaanza kuja, mwezi wa nne wanaondoka. Sasa hivi wanakula kwa ajili ya safari. Asiyeshiba hapa anaanguka njiani. Nani atamwokota?"

Kisha akaniambia kwa nini alitaka nije Ijumaa. Kesho yake, saa nne asubuhi, kampuni moja ingekuja na mabasi mawili ya wafanyakazi kupanda miche ya mikoko. Na mahali walipotaka kupanda ni hapo Uwanjani. Pako wazi, miche ingeonekana imepangwa safu kwa safu, na droni ingepiga picha kutoka juu. Bango la kampuni lingesimama ukingoni. Zawadi yao kwa kikundi ingekuwa daraja la mbao la kupita msituni, ili wageni watembee bila kuacha viatu. Mwenyekiti, Gona, alikuwa amelingojea daraja hilo miaka minne. Wanachama wengine pia. Yeye Mapenzi pia.

"Lakini ukipanda pale, tope halionekani tena," nilisema.

"Ukipanda pale, ndege hawatui na miti haioti. Unakosa vyote viwili. Mimi najua, maana niliwahi kupapanda."

Alisimama. Si kwa muda mrefu.

Maisha yake aliyasimulia kama anavyotembea, kwa hatua ndefu, bila kueleza katikati palikuwa na nini. Alizaliwa juu huko Kaloleni. Akiwa na miaka kumi na minne alipelekwa Magongo kulea mtoto wa mtu wa bandarini. Akaondoka. Akafua mashuka ya hoteli moja Nyali. Akaondoka. Akaolewa na Charo, mkata boriti, wakawa wanakata pamoja, yeye akibeba fito kichwani mpaka barabarani, na kwa hesabu yake mwenyewe ameangusha msitu wa kutosha nyumba za mtaa mzima. Charo akasema anakwenda upande wa Lamu, kwenye miti mikubwa zaidi. Hakurudi. "Sikumtafuta. Ningemtafuta wapi, naye hajui mwenyewe anakokwenda? Na mimi sikai. Hapa tu ndipo nimekaa."

Kikundi kilipoanzishwa, wakata miti wa jana wakawa wapandaji. Mwaka wa kwanza Mapenzi aliongoza upandaji wa miche elfu tatu ya mikoko Uwanjani, kila mche umefungwa kwenye kijiti kwa uzi. Watu waliimba. Chaza wadogo wakaganda kwenye ile miche, ikaelemewa, ikainama, ikafa. Vijiti vikabaki. Kwa misimu miwili ndege hawakutua. Akina mama wanaochimba minyoo ya chambo wakawa wanakatwa mikono na vijiti hivyo topeni. Ndipo akaja mwanafunzi wa chuo kikuu, Lynnette, kuhesabu ndege, na Mapenzi akapewa kazi ya kumbebea darubini. Kila siku Lynnette aliandika namba ndogo. Siku moja akauliza, "Nani alipanda hapa?"

"Nikamwambia sijui," alisema Mapenzi. "Msichana mdogo vile, nikamdanganya usoni."

Baada ya hapo aliving'oa vijiti peke yake. Ilimchukua miezi minne, kila bamvua, maji yaliposhuka kabisa.

Sasa, katika mikutano mitatu ya kikundi alikuwa ameomba kampuni ipelekwe nyuma, kwenye kipara kilichoachwa na wakata michu. Mara tatu alishindwa. Kipara kimezungukwa na miti; droni haioni kitu. Gona alimwambia, mbele ya wote, kwamba ndege hawana kura.

"Kwa hiyo kesho watapanda," nilisema.

"Hawatapanda." Alipiga paja lake kwa kiganja. "Kesho saa nne maji yatakuwa hapa."

Ikabidi nielezwe kama mtoto. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu ni bamvua: maji hupanda sana alfajiri na kushuka sana saa nne, saa tano, Uwanja wote ukabaki wazi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana, na saa nne asubuhi ndiyo saa yao ya kujaa. Mtu wa kampuni alikuwa amemwuliza ni Jumamosi ipi inafaa. Mapenzi akatazama mwezi, akampa Jumamosi ya nusu mwezi. Kule nyuma, kwenye kipara, maji mafu hayafiki. Kesho pangekuwa pakavu, na miche ingepata siku kadhaa za kushika kabla bahari haijaifikia.

"Na Gona? Alikubali tarehe hiyo?"

"Aliiandika kwenye simu yake. Simu ikamwambia Jumamosi, akafurahi."

"Hukumwambia?"

"Gona ni mtoto wa mvuvi. Nimfundishe bahari mimi, mtu wa Kaloleni?" Alicheka, lakini mikono yake haikutulia; ilikuwa ikikunjua na kukunja ukosi wa blauzi. "Wakikasirika wakageuza mabasi, tumekosa kila kitu. Nimeliwaza hilo tangu mwezi uliopita. Silali."

Kiatu changu alikitoa tukirudi, kama alivyoahidi, kwa kutia mkono mpaka kwenye kwapa.

Asubuhi nilifika saa mbili na nikamkuta yuko kitaluni tangu alfajiri. Nyuma ya safu za miche ya mikoko iliyoingoja kampuni alikuwa na miche mingine, michu mia nane, kila mmoja ndani ya pakiti ya maziwa aliyoiokota vibandani. Aliiotesha kwa miezi mitano, na aliyemwuliza ya nini aliambiwa ni ya akiba. Alikuwa akiihamisha kwa karai kwenda kwenye kipara, anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi. Nikachukua karai jingine. Bi Mwanarehema, mchimba chambo wa miaka sitini na kitu, alikuja na ndoo yake akatutazama.

"Shikamoo, bi Mwanarehema."

"Marahaba. Mapenzi, mbona unahama na nyumba haijaungua?"

"Itaungua saa nne."

Bi Mwanarehema akageuza uso kutazama bahari, akatazama juu, ambako nusu mwezi haukuwa umechomoza bado, akahesabu kwa vidole. Kisha akaketi juu ya ndoo yake, kama mtu aliyepata kiti cha mbele.

Mabasi yalifika saa nne kasoro. Wakashuka watu wapatao themanini wenye fulana za kijani, wakicheka, wakipigana picha. Gona alikuwa mbele, koti la suti juu ya gambuti, akiwapungia mkono waingie. Kando yake alitembea Ronny, kijana mrefu wa ofisi ya kampuni, mzaliwa wa bara, na nyuma yao wanaume wanne walibeba bango. Walipita kati ya miti ya mwisho, wakasimama wote kwa pamoja.

Uwanja haukuwepo. Palikuwa na maji, yametulia, yanang'aa, mpaka ng'ambo.

"Hii ni nini sasa?" aliuliza Ronny. "Mathe, si ulisema kuna matope?"

"Yapo, baba. Yako chini."

"Chini ya hii ziwa yote?"

Wafanyakazi wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama walipaswa kuja na nguo za kuogelea. Gona hakucheka. Aliyatazama maji, akatazama jua, akatoa simu na kuitazama hiyo pia, kisha nikaona midomo yake ikihesabu siku za mwezi, taratibu, kama mtu anayekumbuka lugha aliyoiacha utotoni.

"Wallahi, Gona," akasema bi Mwanarehema kutoka juu ya ndoo, "marehemu baba yako angekulaza na njaa. Nusu mwezi, saa nne, unaleta watu wa suruali kupanda baharini! Watapanda nini, papa?"

Kicheko kikarudi, safari hii cha watu wa kikundi, na hicho ndicho kilichomuumiza. Aligeuka akamtafuta Mapenzi kwa macho.

"Tarehe ulitoa wewe."

"Nilitoa mimi."

Ronny aliinua mikono. "Sawa, poa, mtu anaweza kusahau. Mathe, ulisahau, si ndio? Tupange ingine."

Alikuwa amemfungulia mlango, na kwa nia njema. Wote tuliuona. Swabra, mwanachama mdogo kuliko wote, mama wa watoto wawili, aliyekwisha ahidiwa kazi ya kukata tikiti mlangoni mwa daraja, alimtazama Mapenzi na kuitikia kwa kichwa kwa kasi, kama kumwambia akubali, akubali tu. Neno moja tu lilihitajika. Mapenzi alikuwa ameshika karai tupu, na nikamwona akilihamisha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, kisha wa kulia tena.

"Sikusahau," alisema. "Nilijua maji yatakuwa hapa. Nilitaka yawe hapa. Mahali hapa mti hauoti. Nilipanda elfu tatu zikafa zote, na ndege wakakimbia miaka miwili. Sehemu ya kupanda iko nyuma, mashimo yapo, miche ipo. Ni hatua mia tatu. Haitaonekana kwenye picha yenu, lakini itaota."

Wale wanaume wanne wakalitua bango.

Ronny alisogea pembeni kupiga simu. Alitembea huku na huko akiongea, akiinua viatu vyake vipya kila wimbi dogo lilipomfikia. Mapenzi hakumngojea. Alikwenda kwa yule mfanyakazi aliyeuliza habari za kuogelea, mwanamke mnene mwenye miwani, akamwekea mche mkononi na kusema, "Njoo nikuonyeshe." Mwanamke akamfuata. Watatu wakafuata. Ronny alipomaliza simu, nusu ya watu wake walikuwa wameshatokomea nyuma ya miti.

"Wakubwa wanasema, kwa sababu watu washafika, wapande," alimwambia Gona. "Bango tunarudi nalo. Na ile maneno ya daraja... tutaangalia. Sikudanganyi, mzee. Hiyo imeenda."

Kipara kilipandwa kwa saa mbili. Mapenzi alikimbia kati ya watu, akawafundisha kupasua pakiti bila kuvunja udongo, akawakemea waliokanyaga ile mizizi ya kupumulia, akawaambia mabosi wachuchumae vizuri. Kila alipopita karibu nami niliuliza swali, naye hakujibu hata moja. Kuanzia pale hadi kule, vijani vya michu vilisimama virefu kama vidole. Saa saba mabasi yakaondoka.

Kikundi kilikutana papo hapo, chini ya hema lililoachwa na kampuni. Wageni hawakufukuzwa, kwa hiyo nilikaa nikasikiliza. Gona alivua koti kwanza. Hakupiga kelele, na hilo lilinisumbua zaidi ya kelele.

"Miaka minne niliwaambia watu hawa waache shoka," alisema. "Niliwaambia, ngojeni, daraja litakuja, wageni watakuja, mtakula kwa msitu bila kuukata. Wakaniamini. Leo jioni nitawaambia nini? Kwamba katibu alikuwa na mwezi wake?"

"Niliwaambia mara tatu, Gona."

"Ukashindwa mara tatu. Mtu akishindwa anakubali, hawavizii wenzake kwa maji. Kweli umeokoa tope. Mimi ni mtoto wa bahari, sikatai. Lakini nani atakubali kukaa na wewe kwenye kamati tena? Kesho utatupangia nini?"

Bi Mwanarehema alisema wote wamerogwa na mbao za daraja, na kwamba mikono yake yeye bado ina makovu ya vijiti vya mwaka ule. Walimsikiliza kwa adabu. Kisha mikono ikainuliwa. Kumi na mbili ilitaka Mapenzi atoke. Swabra aliinua wake huku akilia, akauacha juu baada ya wengine kushusha.

Mapenzi alitoa ufunguo wa kitalu kutoka shingoni. Daftari la wageni alilikabidhi likiwa limefunikwa kwa gazeti. Fulana ya kikundi aliivua palepale, ndani akiwa na blauzi yake, akaikunja vizuri kuliko nilivyotarajia. Gona alipokea vyote kwa mikono miwili.

"Utakwenda wapi?" nilimwuliza tulipofika kwenye kinu cha unga. Alishakwenda nyumbani na kurudi, ilimchukua muda mfupi kuliko mimi kuosha miguu. Mfuko mmoja na sufuria mbili zilizofungwa kwa leso.

"Bofu, Likoni, kwa binti yangu, Purity. Ana mtoto mchanga na hajui kumfunga mgongoni."

"Utarudi?"

"Huku nilikaa miaka kumi na mitano. Mimi! Umesikia mahali pengine nilipokaa hivyo?" Alimwita mwendesha bodaboda kwa kupiga ulimi. "Kule Likoni nako kuna mikono ya bahari. Lakini sitaki kuona tope mwaka huu. Labda mwaka ujao."

"Ungesema tu umesahau," nilisema. Sikupaswa kusema. "Wangepanga tarehe nyingine, ungeendelea kuwazuia ukiwa ndani."

"Na tarehe nyingine ningewadanganya nini? Na ile ya baadaye?" Alipandisha mfuko begani. "Wewe unaondoka lini?"

"Ilikuwa niondoke leo."

"Imebaki miche kama thelathini chini ya mkoko mkubwa. Wale watu wa fulana walichoka. Isilale na pakiti, mizizi itajikunja. Swabra anajua mashimo yalipo, lakini usimsemeshe mambo ya mkono wake. Mwache."

Mwendesha bodaboda alitazama zile gambuti zilizojaa tope. "Mama, hizo zitanichafulia kiti."

"Kiti si chako ni cha abiria. Sogea."

"Na sufuria?"

"Sufuria utazibeba wewe kifuani. Hujawahi kubeba sufuria? Mama yako alikulea na nini?"

Walikuwa bado wanabishana pikipiki ilipopanda uchochoro, yeye akimwelekeza njia ambayo kijana alikuwa akiijua, mkono mmoja ukionyesha kushoto, kisha kulia. Kwenye kona ya kanisa walipotea.

Nilishuka tena. Swabra alikuwa ameshapasua pakiti ya kwanza kwa meno. Alinisogezea nyingine bila kuniangalia, akachimba, nami nikachuchumaa upande wa pili wa shimo.